Yes Yangu Ilivyoninyima Jeddah

Jamani, leo aibu imenikuta mchana kweupe nikiwa nimevaa tai. (Ya kuazima.) Mpaka sasa sijaelewa vizuri kilichotokea, kwa hivyo nawasimulia polepole, labda tukifika mwisho na mimi nitakuwa nimeelewa.

Mnajua mimi ni dereva wa kampuni ya Wachina inayojenga barabara hapa Riyadh. Mnajua pia mke wangu Mwende anafanya kazi ya nyumbani Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha. Nchi moja, lakini yeye ana kafili wake, yaani mwajiri anayemshikilia, na mimi nina wangu. Tangu tuje huku tumeonana mara moja tu, nilipotumwa Jeddah kupeleka vipuri. Tulikula wali na kuku pale Sharafiya, madam wake akimsubiri nje ndani ya gari, injini ikinguruma. Nilimtazama mke wangu akila haraka haraka nikataka kulia. Sikulia, kwa sababu kuku mwenyewe alikuwa mtamu, lakini nilitaka.

Sasa, hivi karibuni zikaja habari kwamba kampuni inaanza kazi mpya Jeddah. Anatakiwa mpima ardhi mmoja anayejua Kiingereza, apandishwe cheo na aende na dereva wake. Mpima ardhi ninayemwendesha mimi anaitwa Lin. Ni kijana mpole, mwembamba, anakunywa maji ya moto hata siku ambayo lami inayeyuka. Kazi anaijua kweli. Kiingereza ndicho kilichokuwa mafi, kama wasemavyo Waarabu, hakuna kabisa.

Akaniuliza, kwa Kiarabu chetu cha kuokoteza, kama sisi Wakenya tunakijua. Nikacheka kwa dharau. Nikamwambia Kiingereza kwetu tunakinyonya pamoja na maziwa ya mama. (Mimi nilikutana nacho shuleni Kitui, nacho kilikuja na fimbo.) Tangu siku hiyo akawa ananiita "Ticha", na mimi nikawa natembea kama mtu mwenye chaki mfukoni.

Nikaenda sokoni Batha nikapata kitabu cha sarufi kilichokwisha tumika, kurasa za mwanzo zimeng'oka. Tukaanzia katikati. Darasa letu lilikuwa ndani ya pikapu, saa ya mapumziko, kiyoyozi kikivuma. Kusoma hakukunisumbua. Nilimfundisha kama tulivyofundishwa sisi: soma swali kwanza, kisha urudi kwenye habari ulisake jibu, usitunge lako. Akalishika somo hilo upesi. Balaa lilikuwa vitenzi.

"Ticha, kwetu kitenzi hakibadiliki. Unasema jana, basi. Jana nakula, leo nakula, kesho nakula. Nyinyi kitenzi mnakisumbulia nini?"

Nikafungua kitabu kutafuta jibu. Nadhani lilikuwa kwenye zile kurasa zilizong'oka.

Halafu kukawa na "he" na "she". Lin alikuwa anasema mama yake "he", dada yake "he", mpaka siku moja bosi wetu mwenye ndevu akawa "she". Akanieleza kwamba kwao wakiongea, mwanamume na mwanamke ni neno moja tu. Nikamwambia, kijana, hata kwetu wote ni "yeye". Tukatazamana kama ndugu waliopotezana utotoni. Nikambunia dawa: "she" ina herufi ya ziada mbele, hiyo ni mkoba. Mwenye mkoba ni mwanamke. Ikamsaidia, na mimi ikanisaidia zaidi. (Msimwambie.)

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo tulipojichimbia kaburi. Siku moja Lin akaniuliza, "Ticha, mtu akiniuliza, 'Hujachoka?' na mimi kweli sijachoka, nijibu nini?"

Nikamwambia, "Unajibu yes. Yes, sijachoka. Si unakubaliana naye?"

"Na kama nimechoka?"

"Unajibu no. No, nimechoka. Unamkatalia."

Lin akafurahi mpaka akamwaga maji yake ya moto. "Kama Kichina kabisa!"

"Na kama Kiswahili kabisa," nikasema. Tukapeana mikono. Niambieni nyinyi, lugha mbili zisizojuana zikubaliane hivyo, Kiingereza kitakuwa na ubavu gani wa kukataa?

Basi leo ndiyo ilikuwa siku ya mtihani. Anayetahini ni mshauri wa mradi, mzee wa Kizungu mwenye sauti ya chini na adabu nyingi. Lin aliingia, mimi nikabaki mlangoni na tai yangu, mlango uko wazi nusu. Nilisikia kila kitu. Nawatafsiria, isipokuwa yes na no, hizo mzichukue zilivyo.

Mzee akampa ukurasa asome. Lin akasoma vizuri, akajibu maswali bila kutunga lake. Mzee akamuuliza habari za nyumbani. "Mama yangu, she ni mwalimu," Lin akasema, na nikaona vidole vyake vinashika mkoba usioonekana. Jana ilikuwa jana, kesho ikawa kesho. Kifua kilinijaa. Nikajiona niko Jeddah tayari, Ijumaa, nimekaa na Mwende tunakula taratibu.

Mzee akaegemea kiti. "Vizuri sana, Lin. Na huoni vibaya kuondoka Riyadh?"

"Yes," akasema Lin, kwa furaha.

Nikampigia dole gumba kutoka mlangoni. Jibu safi, hilohilo nililomfundisha.

Mzee akainua nyusi. "Oh. Kwa hivyo hungependa kwenda?"

"No!" Lin akatabasamu mpaka masikioni.

Mzee akalitazama lile tabasamu, akakuna shingo. Akauliza ni nani aliyemfundisha Kiingereza. Lin akanionyesha. Nikaingia, nikanyoosha tai, nikasema, "Good afternoon, sir," na ilikuwa bado asubuhi.

"Wewe ndiye dereva? Nataka niwe na hakika," akasema mzee, taratibu kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Huyu kijana hataki kwenda Jeddah?"

"No, sir!" nikasema kwa nguvu. Anawezaje kumsingizia mwanafunzi wangu?

"Na wewe pia hutaki?"

"No, sir!" Hapo karibu nipige meza.

"Naweza kujua ni kwa nini?"

Mimi nikaelewa ananiuliza kwa nini nataka kwenda. Nikaona nimwambie ukweli wangu wote, kiume. "Kwa sababu mke wangu yuko Jeddah, sir."

Mzee akanitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuiona kwa Mzungu. Akainuka, akazunguka meza, akanishika bega.

"Nakuelewa kabisa, ndugu yangu," akasema. "Hata mimi wangu yuko mbali. Sitakulazimisha."

Nikamshukuru. Naomba mnielewe, nilimshukuru mara mbili. Nilidhani ananihurumia kwa upweke. Nilimwambia Mungu ambariki, na Lin akamwinamia, na mzee akatufungulia mlango mwenyewe.

Tukatoka tukicheka. Pale nje anakaa Rommel, karani Mfilipino, ambaye husikia kila kitu na kunyamaza. Leo hakunyamaza.

"Kioko, mbona mmekataa kwenda?"

"Nani amekataa?"

"Nyinyi. Mmekataa wote wawili. Wewe umekataa kwa sababu ya mke."

Nikamwambia aache utani. Akachukua kalamu akaanza kunieleza. Kwa Kiingereza, eti, yes na no hazimjibu mtu, zinajibu jambo. Ukiulizwa kuona vibaya, yes ni kwamba unaona vibaya; ukiulizwa kutaka kwenda, kama unataka ni yes, hata akiuliza vipi. Kama hutaki ni no, hata akiuliza vipi. Lin akauliza, "Hata akiuliza kwa kukanusha?" Rommel akasema hata akiuliza akiwa amesimama kwa kichwa. Nikamwambia hiyo haina maana, maana ukimkubalia mtu unawezaje kusema no? Lin akaniunga mkono. Rommel akasema hakuitunga yeye.

Nikamwomba amrudie mzee amweleze. Akaingia. Tukamsikia mzee akicheka mpaka akakohoa. Rommel akatoka na uso wa pole. Mzee amesikitika sana, lakini mara tu tulipotoka alimpigia bosi mkubwa simu, na bosi ameshampa nafasi mpima wa upande wa kusini na dereva wake. Wanafungasha. Halas, imekwisha.

Lin akakaa chini kwenye ngazi. Akasema tu, "Ticha, jana nakosea, leo nakosea," na kwa mara ya kwanza sikumsahihisha. Iliniuma, jamani. Yeye amekosa cheo, mimi nimekosa Ijumaa zangu zote.

Nikarudi kwenye pikapu, nikakaa najifunza upya. Kama ni ndiyo, yes. Kama siyo, no. Usimjibu mtu, jibu jambo. Nikairudia mpaka ikaingia. Hapo hapo simu ikalia. Mwende.

"Baba Mutheu, nimeomba ruhusa niongee kidogo tu. Umenyamaza tangu asubuhi. Hawajakuchukua, eh?" Sauti ilikuwa imejiandaa kwa mabaya. "Kwa hivyo huji Jeddah?"

Nikavuta pumzi. Nikasema sasa nitajibu kama mtu aliyefundishwa. Jambo ni kuja. Siji. Basi jibu ni...

"Hapana," nikasema.

Mke wangu akapiga kigelegele. Nikasikia kitu cha bati kinaanguka, nikamsikia akimwambia madam wake kwa Kiarabu kwamba mume wake anakuja, mume wake anakuja, na madam akisema alhamdulillah. Nikaita, "Mama Mutheu, subiri, hiyo hapana ni ya Kiingereza!" Akasema mtandao mbaya, tutaongea Ijumaa uso kwa uso, atapika pilau, madam ameshamruhusu. Simu ikakatika, na sasa imezimwa.

Kwa hivyo nyinyi mlio Jeddah, tafadhali, yeyote anayempata Mwende amweleze kabla hajatafuta nyama. Mwelezeni kwa upole, amenisubiri sana. Mimi nimejaribu kuandika ujumbe nikaufuta, kila sentensi inageuka.

Na nyinyi wengine, hamtanicheka, sivyo? Jibuni kwa sentensi nzima.