Malalamiko Kuhusu Mshale Usiopanda

Kwako Fundi Mkuu,
Gereji iliyo nyuma ya kituo cha mafuta.

Ndugu Fundi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, chini ya gari lolote ulilojificha. Mimi si mteja wako. Ni mke wa mteja wako, kwa hiyo hasara yote inanihusu na heshima ya kusikilizwa hainihusu. Ndiyo maana naandika.

Utakumbuka mume wangu alikuletea gari letu dogo likichemka. Uliziba rejeta, na kama ungenawa mikono hapo hapo, tungekuombea dua mpaka leo. Lakini ukatoa na kile kifaa kiitwacho thamostati, ukamwambia kilitengenezewa nchi za baridi, sisi huku joto tunalo la bure. Feni nayo ukaiunga moja kwa moja, izunguke bila kupumzika. Kisha, ameshafunga mlango aondoke, ukamnasihi asiliondoe gari asubuhi kabla mshale wa joto haujafika katikati, asije akaua injini.

Fundi, nimeuliza wanaojua. Kazi ya thamostati ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Ukiitoa, maji yanakimbilia kupoa kabla hayajapata moto. Yaani umemwamuru mume wangu asubiri sufuria ichemke, na huku unaiongezea maji baridi. Na mume wangu, kwa bahati mbaya, ni mtu mtiifu. Basi nalalamika hivi:

1. Kamba ya kuanikia nguo tunayotumia pamoja na majirani iko usawa wa bomba la moshi. Gari linaunguruma pale tangu jua halijachomoza, na shati jeupe la jirani yetu mwalimu sasa lina rangi ambayo yeye mwenyewe, pamoja na usomi wake, ameshindwa kuitaja.

2. Nilipokuwa mjamzito, dada yangu aliniletea blanketi la mtoto. Mume wangu alilifunikia boneti ili joto lipande. Nilipolidai alinijibu kwamba mtoto bado yuko mahali pa joto, mwenye shida ni gari.

3. Maradhi yamehamia kwa dereva. Akiamka haongei. Mama mkwe akimsalimia anainua kidole, maana yake asubiriwe, bado hajapata moto.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Asubuhi uchungu uliponishika, mume wangu alitoka mbio, akawasha gari, akaketi kuutazama mshale. Mama mkwe alinishika mkono mpaka mlangoni mwa gari, nimejikunja kama kambale. Yule baba akanitazama kwa huruma ya kweli, Fundi, machozi yakimlengalenga, akaniambia, "Vumilia kidogo, mama. Mshale bado uko chini."

Mama mkwe, ambaye hajawahi kumtukana mwanawe mbele yangu, siku hiyo alilipa deni lote la matusi. Bahati ilipita gari la mikate. Dereva wake alinipakia nyuma kati ya kreti, na mama mkwe akapanda na mimi. Jamaa yule aliwasha, akaondoka taratibu, akasema injini itapata joto njiani kama injini za watu wengine. Ikapata. Mtoto naye hakusubiri mshale wowote. Alizaliwa getini pa hospitali, mzima, ananukia hamira. Wauguzi wote wanamwita Skonzi, na naona jina limeshaganda.

Baba yake alifika kwa miguu, amekumbatia begi la nguo. Mafuta yalikuwa yamemwishia pale pale uani, mshale haujainuka hata unywele.

Kwa hayo, naomba thamostati irudi mahali pake. Kama umeipoteza, basi uingie mwenyewe ndani ya bomba, ujifunge maji yakiwa baridi na ujifungue yakipata moto. Usihofu, mimi nimejifungua kati ya kreti za mikate na bado naandika.

Nisalimie mchomeleaji, mpaka rangi, na paka wenu anayelala juu ya injini. Yeye angalau anajua zipi zina moto.

Ni mimi, anayekulalamikia kwa heshima zote,
Mama Skonzi.

N.B. Kabla sijaituma barua hii, fundi mwingine ametufungia thamostati mpya na kuirekebisha feni. Mshale sasa unapanda upesi na kutulia katikati kama mgeni aliyeonyeshwa kiti. Mume wangu hana tena cha kusubiri uani, kwa hiyo asubuhi zote yuko jikoni na mimi. Ananieleza namna ya kukata kitunguu, anafunua sufuria, anamfundisha mama yake kumbeba mtoto. Mama mkwe na mimi tumeshauriana. Tafadhali njoo uitoe thamostati tena. Mwalimu amekubali kuhamisha kamba.