Mkono Mmoja Mfukoni

Alhamisi, 1 Julai 1976

Secilia kaondoka. Asubuhi, ukungu haujapanda, kajitwika furushi la nguo na kushika njia ya Gare, kwa baba yake. Hakugombana. Angegombana ningemshinda, maana kwa maneno sijambo. Aliuliza swali moja tu: "Cherehani ilikuwa inashona. Hili linafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Jibu zuri sana lilinijia alipokwisha kupita kona. Nililisema hata hivyo, mlangoni, peke yangu.

Ni televisheni! Ya pekee Lushoto nzima, na sitaki ubishi. Ilikuwa ya Mzungu mmoja wa shamba la chai aliyerudi kwao, akamwachia mpishi wake Thomas. Thomas hana umeme, ila mkewe alikuwa na haja ya cherehani. Tukabadilishana kiungwana. Kweli, haiwaki. Lakini mimi Nikodemo ni fundi redio, na televisheni ni nini kama si redio yenye dirisha? Unguja wanarusha picha siku hizi, na sisi tuko juu mlimani. Sabasaba nitaweka picha hapa, mji mzima utajaa, Secilia atasikia habari huko Gare na atajuta.

Kwa sasa anayejuta ni mimi. Makande ameyaacha jikoni, yamefunikwa. Hata na hasira zake alikumbuka kufunika.

Ijumaa, 2 Julai

Nimefungua mgongo wa televisheni. Nikafunga. Ndani mna chupa kubwa la kioo lenye shingo, nyaya kama utumbo wa mbuzi, na vumbi la Kizungu. Ikabidi niende kwa Valentino.

Valentino naye ni fundi redio, kibanda chake kiko juu ya soko. Alifanya kazi Mombasa kwa Mhindi wa televisheni, na tangu arudi hajachoka kututangazia. Sikutaka ajue. Nikamwambia nina rafiki yangu huko Mlola kapata televisheni mbovu. Njiani nikiwa narudi ndipo nilipokumbuka kwamba huko Mlola hakuna umeme.

Akanipa masharti ya kumpelekea rafiki. Lile chupa ni tyubu, na tyubu huweka umeme tumboni hata plagi ikiwa imechomolewa. Kwanza aukamue, kwa bisibisi iliyofungwa waya uliounganishwa na bati la chini. Avue saa na pete. Mkono wa kushoto autie mfukoni muda wote, umeme usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono hadi mkono. Asifanye kazi peke yake. Asiigonge shingo ya tyubu, maana ndani hamna hewa, ikivunjika vioo vitaruka. Na akitaka kuona picha akiwa nyuma, aweke kioo cha kujitazamia mbele.

Halafu akacheka, akaniita bwana kwa Kisambaa. "Mgosi, msalimie huyo rafiki yako. Mwambie nitakuja kumzika."

Nimemwelewa. Ananitisha ili kazi nimpelekee yeye. Eti umeme unabaki ndani baada ya kuchomoa plagi! Mbuzi ukishamchinja, anaendelea kula majani?

Jumamosi, 3 Julai

Anaendelea.

Nilichomoa plagi, nikaingiza mkono kwa raha zangu. Nikajikuta ukutani upande wa pili, nimekumbatia redio ya mteja. Mkono wa kulia haukunitii mpaka alasiri. Uji nimeunywa kwa mkono wa kushoto, na marehemu mama angeniona angenichapa.

Nikiwa bado nimekaa chini, jirani yangu Hadija akabisha hodi. Hadija ni mjane, anauza vitumbua sokoni, na wanawake wa Gare wote hupitia kwake. Ana ujumbe. Mzee Tobia, baba mkwe wangu, anakuja siku ya Sabasaba kuona kwa macho yake cherehani ya mwanawe imegeuka kitu gani. Ile cherehani alimpa yeye, siku tuliyofunga ndoa. Akiona kitu cha maana, Secilia atarudi. Akiona takataka, atawaita wazee wa pande zote mbili.

Wazee! Wakishakaa wazee, ndoa huzungumzwa kama shamba lenye ugomvi wa mpaka.

Nikamuuliza Hadija kama Secilia mwenyewe kasema lolote. Kasema nisiache dirisha la nyuma wazi, nina kifua kibovu.

Lilikuwa wazi.

Jumapili, 4 Julai

Nimerudi kanisani na uamuzi. Nitatii. Masharti yote ya Valentino, bila kuruka hata moja.

Pete imenipa taabu, ikatoka kwa sabuni. Nimeiweka ndani ya kiberiti, dirishani. Najua ilikuwa mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto unakaa mfukoni. Lakini masharti ni masharti. Kidole kimebaki na alama nyeupe, na sipendi kukiangalia.

Kisha mtu wa kukaa nami. Niliwaomba wanaume wanne, wote wakakumbuka wana wagonjwa. Hadija ndiye aliyekubali, akaja na sweta yake ya kufuma, nikamkalisha karibu na soketi na kumwagiza kwamba nikitetemeka achomoe plagi, asinishike. Mlango nikaufunga kwa sababu ya baridi.

Nikaukamua umeme kwa bisibisi. Cheche! Hadija akamtaja Mungu na kuruka vishono viwili. Nikabadili fyuzi, nikatia vali moja, ile taa ndogo ya ndani ya mashine, niliyoitoa kwenye redio ya zamani, nikachomeka. Mstari mweupe katikati ya kioo! Secilia angekuwepo ningemwonyesha. Nilimwonyesha Hadija, akasema ni mstari.

Jumatatu, 5 Julai

Mstari umetanuka, sasa ni mvua nyeupe. Maendeleo!

Aibu nayo imekuja. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mbaraka, alipita kuuliza mambo mawili: kama nimefungua sinema bila kibali, na kwa nini mwanamke wa watu anashinda kwangu mlango umefungwa. Mashine ilikuwa inawaka, mimi niko nyuma yake, bisibisi mkono wa kulia, wa kushoto mfukoni. Nikamwamkia hivyohivyo. Shikamoo, na mkono mfukoni! Hapa Lushoto kwa baridi hii kila mtu ana mikono mfukoni, lakini akitokea mtu mzima, inatoka. Hata mlevi anaitoa.

Mzee Mbaraka hakuitikia. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, naye alicheza ngoma kwenye harusi ya wazazi wangu. Nikaeleza kwamba mkono uko mfukoni kwa ajili ya usalama. Akasema katika umri wake ameona mengi, ila usalama wa kumdharau mkubwa ndio kwanza anauona kwangu.

Nimejiona mshenzi. Nikawaza kuushona mfuko mkono ukiwa ndani, watu waone kwamba si kupenda kwangu. Lakini cherehani iko kwa Thomas.

Jumanne, 6 Julai

PICHA!

Nimepandisha antena juu ya mkaratusi ulio nyuma ya nyumba, nikaweka mbele kioo cha Secilia cha kujitazamia, nikazungusha vile vishikizo vya nyuma taratibu. Mtu! Amevaa tai. Kichwa chake kinapanda juu na kutokea chini, lakini ni mtu, na midomo inakwenda. Hadija ameweka sweta chini. Amesema pole kwa huyo bwana.

Valentino alikuja kuchungulia. Aliangalia pete kwenye kiberiti, Hadija kwenye soketi, mkono wangu mfukoni, akatikisa kichwa kama mtu anayeombwa kusifia mtoto wa jirani. Akasema limebaki jambo moja: kesho wakija wageni, nizime, nichomoe, ndipo nitoke nyuma kuwasalimia. Nikamjibu asinifundishe adabu nyumbani kwangu. Akaondoka.

Nimeosha shati. Nimenunua sukari. Mkeka wa Secilia nimeutandika pale anapopenda kukaa.

Jumatano, 7 Julai, Sabasaba

Nitaandika haraka.

Baada ya gwaride watu walijaa mpaka uani. Kichwa cha yule bwana kilikuwa kimeanza tena kupanda na kushuka, nikawa nyuma natafuta kishikizo. Watu wakaachia njia. Mzee Tobia huyo, koti lake la kanisani, viatu vimelowa kwa kutembea kutoka Gare. Nyuma yake Secilia. Nilimwona kwanza ndani ya kioo, chini kidogo ya yule bwana wa Unguja. Aliweka furushi lake mlangoni, akaangalia picha. Alitabasamu! Naapa alitabasamu.

Mzee Tobia akaja moja kwa moja mpaka nyuma ya mashine, akanyoosha mkono.

Mungu wangu, ningefanyaje? Baba mkwe! Kwetu mkwe humsalimii kama unamlipa mchuuzi. Unainama, unatoa mkono wa kulia, wa kushoto unashikilia kiwiko. Nilimwona Mzee Mbaraka pale mlangoni, ananitazama. Nikasema moyoni, leo hawatauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikaacha bisibisi, nikampa Mzee Tobia mkono wa kulia, nikainama vizuri kabisa, na wa kushoto nikauchomoa mfukoni.

Haukufika kwenye kiwiko. Uligusa bati.

Nilitetemeka mimi, akatetemeka na yeye, tumeshikana, hakuna anayeweza kumwachia mwenzake. Kwa mbali tungeonekana wakwe wanaopendana sana. Kofia yake ilianguka. Secilia alipiga kelele kumwita baba yake, "Tate!" Hadija akachomoa plagi, Mungu ambariki, tukaanguka kila mtu upande wake, na mguu wangu ukaubeba mguu wa meza ya televisheni. Televisheni ikaenda chini kifudifudi. Mlio wake ulisikika sokoni.

Vioo kila mahali. Hakuna aliyekatwa. Mzee Tobia alikaa sakafuni, anajipapasa kifua, Secilia amepiga magoti kando yake. Nilipotaka kumwinua, Secilia aliona kidole changu.

"Pete iko wapi?"

Nikasema niliivua, ni masharti ya usalama. Akamtazama Hadija, akaitazama sweta iliyokaribia kwisha. Hadija akasema upesi kwamba yeye alikaa hapa ili mimi nisife peke yangu.

"Kwa hiyo ulijua ni hatari," Secilia akasema.

"Nilijua."

"Na baba yangu ukampa mkono."

Mzee Tobia akanyanyuka, akaipangusa kofia. Hakufoka, na afadhali angefoka. "Mwanangu," aliniambia, "salamu ingengoja."

Secilia alichukua kiberiti dirishani, akakitikisa asikie kama pete imo, akakifunga kwenye pindo la kanga. Akajitwika furushi. Wakaondoka, yeye amemshika baba yake mkono.

Jumamosi, 10 Julai

Valentino alikuja na ufagio. Alifagia vioo vyote, hata vya chini ya kabati, akaondoka bila kunicheka. Sijawahi kudhalilishwa hivi.

Hadija kaleta habari. Mzee Tobia mzima, analima. Wazee hajawaita bado. Kisha Hadija akasita, akasema kuna jambo jingine, labda asiniambie. Nikamwambia aniambie.

Lile furushi. Secilia hakulileta kwa kungoja hukumu ya baba yake. Alikuwa amekwisha kuamua tangu Jumatatu kwamba anarudi, picha ionekane isionekane. Aliwaambia wanawake wa Gare kwamba mume wake ni mjinga, lakini ni mjinga wake.

Alikuwa amekuja kukaa. Furushi lilikuwa ndani ya mlango wangu! Ningeweza kuwa nyuma ya nyumba nakata kuni, nikatoka na mikono yangu miwili mitupu, nikasalimia, basi. Nimelia leo, na siandiki hivyo kwa kujipamba. Nimelala na mkeka wake bado umetandikwa pale.

Jumatatu, 12 Julai

Habari njema! Secilia atakuja Jumapili baada ya misa, peke yake. Anataka aone kama nimetulia. Pete anayo. Nikiwa nimetulia, kasema, atanivisha yeye mwenyewe.

Nimetulia kabisa. Nikajiuliza, ni kitu gani kingemfurahisha? Jibu likaja lenyewe: cherehani yake. Nikaenda kwa Thomas kumwomba anirudishie. Mkewe ameizoea, hata kunisikiliza hakutaka. Nikawa naondoka kwa huzuni, kweli kabisa nilikuwa naondoka, Thomas akaniita. Yule Mzungu aliacha na televisheni ya pili! Kubwa kuliko ile, iko stoo. Thomas anasema inakaribia kuwaka.

Ni hesabu ya kawaida tu. Hiyo ikiwaka, nitapata wateja, na nikipata wateja cherehani itarudi. Masharti nayajua sasa, yote, kwa mwili wangu. Hata Mzee Tobia akija, simpi mkono. Nitamwamkia kutoka nyuma ya mashine, mkono mfukoni, na atafurahi, maana alisema mwenyewe kwamba salamu ingengoja. Somo limeniingia.

Thomas alitaka kitu cha kubadilishana. Nikatazama nyumba nzima. Kulikuwa na kitanda. Kitanda cha mninga, cha watu wawili, nami nalala peke yangu. Upande wake mmoja haukuwa unafanya kazi yoyote. Wamekichukua jioni hii kwa mkokoteni.

Secilia atauliza kiko wapi, namjua. Lakini safari hii hanikuti sina jibu. Nina mpaka Jumapili kulitafuta.