Koti la Baa ya Expedito

Maneno yaliletwa na televisheni ya Expedito, ile iliyopanda juu ya friji ya bia. Ijumaa mchana, dada wa hali ya hewa kajivalia sweta, anatutangazia kwamba wimbi la baridi limeingia kutoka kusini, kule milimani Friburgo usiku wa leo ni digrii tano, wananchi watoe makoti kabatini. Sisi wananchi tulikuwa Bangu, digrii thelathini na moja, fulana zimetugandia mgongoni. Eti mwezi wa Mei ndiyo majira ya majani kupukutika. Bangu hakipukutiki kitu isipokuwa jasho.

"Mmesikia?" Gaúcho akaruka kwenye kiti. "Makoti! Sasa hapo ndipo kwenye fani yangu."

Huyu Gaúcho ni kinyozi, jina lake la kanisani ni Adenílson, kazaliwa mtaa wetu na kazeekea mtaa wetu. Wanaoitwa gaúcho ni watu wa kusini kwenye baridi. Yeye jina kalipata kwa kukaa huko siku tatu tu, na tena mwezi wa Januari, jua la kufa mtu. Lakini tangu arudi, ukitaja baridi lazima yeye ndiye awe msemaji.

"Wewe baridi unayoijua ni ya friji yangu," Expedito akamwambia, huku anageuza ngozi ya nguruwe kwenye kikaango.

"Nimeishi kusini, mzee!"

"Umeishi kituo cha basi cha kusini. Ulikosa tiketi ya kurudi."

Nami nikataka kuchangia, maana nami mlimani nimefika. Watu hapa wananiita Jabuti, yaani kobe, kwa sababu nilisoma mita za maji miaka thelathini na sikuwahi kuumaliza mtaa kabla ya saa kumi. Lakini kabla sijafungua mdomo, akaingia Ventania. Mama yangu!

Koti la ngozi ya kahawia lenye kola ya manyoya ya kondoo, zipu imepandishwa mpaka kidevuni. Skafu nyekundu shingoni. Buti. Glavu! Uso unachuruzika maji mtu angedhani katoka kuoga.

"Semeni ukweli," akasema kwa sauti ndogo. "Nimetokelezea?"

"Umeiva," nikamwambia.

Niwaeleze kuhusu hilo koti. Miaka kumi na minane iliyopita tulishinda bahati nasibu ya mpira, watu kumi na mmoja kwa tiketi moja. Ukigawa, kila mtu anaambulia kreti ya bia. Tukaona bora tununue kitu cha heshima. Tukanunua koti. Moja! Linakaa nyuma ya kaunta na vidonge vyake vya kufukuzia nondo, na kila mwanamume wa baa hii akipanda mlimani wikendi na mama watoto analiazima. Sharti ni moja: uje na picha, Expedito aibandike ukutani. Nenda kaangalie, picha kumi na tatu, wanaume kumi na watatu, koti lile lile, wote tumeinua kidevu tunautazama mlima. Na wote, usiniulize kwa nini, tuliwaambia wake zetu koti tumenunua wenyewe. La kwangu nilimwambia mke wangu liliibwa wakati wa kurudi. Hata machozi nilitoa.

"Skafu umeifunga kama mgonjwa wa mafindofindo," Gaúcho akaanza somo. "Unaizungusha mara moja, ncha moja mbele, ncha moja nyuma. Kizembe. Kama mtu ambaye baridi kaizoea."

"Kizembe?"

"Mwanamume wa baridi hahangaiki. Anavaa, anasimama, anatazama mbali."

"Mkifika," nikadakia, "watawaletea nyama mbichi na sufuria ya mafuta yanayochemka. Usishangae. Unajichomea mwenyewe kwa uma mrefu."

Ventania akanitumbulia macho. "Hotelini? Najipikia?"

"Unajipikia, na unashukuru."

"Na Bi Zuleide atanionaje nikijikaangia nyama na glavu?"

Na hiyo ndiyo ilikuwa shughuli yenyewe. Ventania, kwa jina Jurandir, ni fundi feni. Ventania ni upepo mkali, na Bangu fundi feni ni mtu muhimu kuliko daktari. Amehamia mtaa huu miaka minne sasa. Na miaka yote minne anampenda Bi Zuleide mshonaji, mjane wa kona ya pili. Kimya kimya. Feni ya yule mama kaitengeneza mara tisa.

"Wiki iliyopita nimemwambia," Ventania akasema, anajifuta uso kwa ncha ya skafu. "Nimemwomba anioe... yaani, nimuoe. Ulimi uliteleza, ni hofu. Akacheka. Akasema, twende kwanza mlimani na basi la matembezi, Jumatatu atanijibu. Kwa hiyo jibu langu lipo kwenye wikendi hii, jamani. Nikichemka, nimechemka jumla."

"Tayari unachemka," Expedito akasema.

"Na koti umemwambia la nani?" nikauliza.

"La marehemu baba. Nimemwambia sisi kwetu ni watu wa baridi."

"Baba yako si aliuza barafu ufukweni?"

"Sasa baridi si aliishika kila siku?"

Tukacheka mpaka Gaúcho akapaliwa na kachasa, ile pombe ya miwa. Ventania hakucheka. Akatazama saa ya ukutani.

"Basi linaondoka saa kumi pale kituo cha treni. Yeye ananipitia hapa saa tisa na nusu."

Expedito akaacha kikaango. "Hapa wapi?"

"Hapa baani."

"Ventania, wewe una akili timamu? Hebu tazama ukuta!"

Tukageuka wote. Wanaume kumi na watatu kwenye koti la marehemu baba, wanautazama mlima. Saa ilikuwa tisa na dakika ishirini na mbili.

Sijawahi kuona wazee wakienda mbio namna ile. Gaúcho juu ya kiti, Expedito juu ya kreti, mimi nilipokea. Picha zinabanduka, nyingine zinang'ang'ania na mafuta ya miaka. Hii ya Gaúcho, hii ya Expedito, hii yangu, tumbo ndani, kidevu juu, aibu tupu. Ya mwisho ilikuwa juu kabisa karibu na feni, nyeusi kwa masizi ya kikaango. Gaúcho akaifuta kwa kiganja. Akaisogeza karibu na macho.

"Nini?" nikamuuliza.

"Jabuti. Huyu ni Aderbal."

"Aderbal yupi?"

"Aderbal ni wangapi? Aderbal wa Zuleide!"

Nikaichukua. Ni yeye, Mungu amrehemu, mwaka wa sita huu kaburini. Kidevu juu. Kwenye kona ya picha kuna ukungu wa waridi, kidole cha aliyeshika kamera kimeingia mbele ya kioo. Tulikuwa tumesahau kabisa. Kila siku tunakunywa chini ya pua yake, na tumemvalisha mwenzetu koti la mume wa mtu aende akamchumbie mke wake.

"Vua," Expedito akasema.

"Kwani kuna nini?" Ventania akauliza.

"Vua kwanza, tutakueleza!"

"Zipu imekwama. Toka jana usiku imekwama, nimelala nalo."

Hilo koti, zipu yake ikifika kidevuni haishuki mpaka upake sabuni na kuomba. Sabuni ya Expedito ilikuwa imekwisha. Akachota mafuta ya nguruwe kwenye kikaango.

"Ya moto hayo!" Ventania akapiga kelele.

"Tulia, mwanamume wa baridi!"

Gaúcho anavuta juu, mimi navuta chini, Expedito anapaka. Zipu wapi! Nikasikia nyuma yangu mtu anakohoa kistaarabu.

"Habari za mchana."

"Salama, Bi Zuleide," tukaitika wote kwa pamoja kama darasa la kwanza. Picha ya Aderbal nikaisukumia ndani ya shati.

Alikuwa amevaa gauni la maua, begi moja mkononi. Akatazama ukuta, miraba kumi na mitatu mieupe kwenye rangi iliyofubaa. Akatutazama sisi. Kisha akamtazama Ventania, kuanzia buti mpaka kola, macho yakakaa kwenye kola muda mrefu.

"Jurandir, mbona unanuka nguruwe?"

"Ni... ni ngozi halisi, Bi Zuleide."

Bi Zuleide akaweka begi chini, akamsogelea. Mkono wa kushoto akainua kola, wa kulia akaipiga zipu kofi dogo, moja, mbili, akavuta. Zaaap, mpaka kiunoni! Miaka kumi na minane ya sabuni, na dawa ilikuwa makofi mawili.

"Duh!" Expedito akaropoka. "Ujanja huo umeupata wapi, Bi Zuleide?"

Nilitaka kumfunika na kikaango.

"Friburgo," akasema. "Hoteli ya kando ya mto. Aderbal alikwama humu siku mbili, Ijumaa mpaka Jumapili. Mbele ya moto wa kuni, koti mpaka kidevuni, analia joto. Nimelala na koti siku mbili, mabwana. Aliniambia kalinunua, halafu akaniambia kalisahau kwenye basi." Akaninyooshea mkono bila kunitazama. "Jabuti, toa hiyo picha ndani ya shati, utailowesha."

Nikaitoa. Uso ulikuwa unaniwaka. Akaifuta kwa ncha ya gauni.

"Kidole hiki changu," akasema. "Wikendi nzima nilikuwa nashika kamera. Sogea kushoto, Aderbal. Inua kidevu, Aderbal. Mlima wenyewe sikuuona. Nilimpenda sana mume wangu, lakini Friburgo sijafika."

Dada wa hali ya hewa alikuwa amekwisha kuondoka kwenye televisheni.

Ventania alikuwa amesimama na koti wazi, fulana yake ya kazini inaonekana ndani, ile yenye tundu. Akaanza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Bi Zuleide, koti si la baba. Baba aliuza barafu ufukweni. Baridi siijui. Nikifungua friji muda mrefu napiga chafya." Akaziweka glavu kaunta. "Niliogopa. Niliona nikija hivi nilivyo, utaona fundi feni tu."

"Na feni yangu ilikuwa na ugonjwa gani mara zote tisa?"

"Waya mmoja. Umelegea tu. Kila nikija ni waya ule ule."

"Sasa wewe fundi," Bi Zuleide akasema, "miaka yote hiyo ya kazi, umeona waya unajilegeza wenyewe?"

Ventania akaanza kuhesabu kwa vidole. Mimi nilielewa kabla yake, na mimi ni kobe.

"Koti libaki," akasema Bi Zuleide. "Likienda koti, mimi siendi."

"Bi Zuleide, huko ni digrii tano! Na mimi nina fulana hii tu! Nitakufa!"

"Blanketi ninalo." Akalipiga begi kwa kiganja. "Moja."

Nakwambia, Gaúcho, msemaji wa mambo yote ya baridi, akajimiminia kachasa nyingine. Wakatoka, Ventania na fulana yake yenye tundu, begi kalibeba yeye. Hata skafu aliiacha. Alipofika kona akageuka kututazama, na sijui kama lilikuwa jasho au ni mambo mengine, lakini uso wote ulikuwa unang'aa.

Kabla hajatoka, Bi Zuleide alikuwa amembandika tena Aderbal ukutani, chini kidogo, mbali na kikaango. Sisi hatukuzibandika zetu. Kila mtu alichukua yake akaitia mfukoni, tukakumbuka tuna shughuli nyumbani.

Jumatatu Ventania akarudi, mafua mpaka masikioni, hawezi hata kutamka jina lake. Hatukumuuliza jibu. Alikuwa na picha, kaisafisha kabisa studio, maana sharti ni sharti. Expedito akaipokea, akaitazama, akaisogeza mbali na macho, akatupa na sisi. Mwanamume hayumo. Ni Bi Zuleide peke yake, blanketi mabegani, anacheka mdomo wazi, mlima wote uko nyuma yake. Na kwenye kona kuna ukungu wa waridi, kidole cha fundi feni.

Expedito akaibandika ukutani.

Mimi jioni ile nilitembea mpaka nyumbani haraka, mwaka huu sijawahi. Nikamkuta mke wangu anachagua maharagwe. Nikamwambia, "Juni tunapanda mlimani, mama. Na safari hii kamera nashika mimi."

Akarudi kwenye maharagwe yake.

"Sawa," akasema. "Lakini lile koti lililoibwa, mwambie Expedito safari hii nalivaa mimi."