Betri Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Kidevu anaitaka mashine yangu. Sawa, si yangu, ni ya kikundi chetu cha bustani, lakini msimamizi wake ni mimi. Sasa Kidevu, jirani yangu wa mkabala, anawaambia wenzetu kwamba cheo hicho kizunguke. Kizunguke! Kwani ni feni?

Nimepata dawa yake. Mashine ile ya kulimia haina kamba ya kuvuta ili iwake. Bila betri ni chuma tu. Nikikaa na betri nyumbani, "kwa ajili ya matunzo," hakuna atakayelima bila kunibembeleza. Nani atamwondoa mtu anayebembelezwa?

Nimekwenda bandani kuifungua. Kijitabu cha mashine kinasema uanze na waya wa hasi. Nikaanza na wa chanya, maana ndio uliokuwa karibu. Spana ikagusa bodi. Cheche! Mwanga wa buluu! Nimeiokota spana, nikaanza upya na hasi. Nimeileta ndani ya kikapu, nimeifunika kwa kabichi. Iko uvunguni, chumba cha wageni. Mke wangu hajui.

Jumanne, 4 Machi

Nimeichaji. Nilipokwisha kuwasha chaja ndipo nikasoma ukurasa wa pili: betri inayochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka, iwe mahali penye hewa, mbali na moto. Mungu wangu! Dirisha la chumba kile linatazamana na la Kidevu, siwezi kulifungua. Na betri inatokota kama maharage.

Nimemwomba mke wangu asiwashe jiko. Nimesema leo tule matunda, yanasaidia moyo. Akauliza moyo wa nani. Mchana kutwa nimekaa mlangoni na ndoo ya maji, nikijua kabisa kwamba ndoo haizuii mlipuko. Nimechomoa chaja. Bado tuko hai.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Mama mkwe amekuja bila taarifa; anataka kuwa karibu na hospitali. Amepewa chumba cha wageni. Nikamsihi achukue chumba chetu, nikasihi mno, mpaka akashtuka.

"Baba, mimi si mgeni wa kuhamisha watu," akasema, akafunga mlango.

Sasa yuko juu ya betri, nami siwezi kuingia! Mwanamume hakanyagi chumba cha mama mkwe wake, sembuse kutambaa uvunguni. Kila akikohoa nadhani ni gesi. Nimebisha na kuuliza kwa adabu kama anasikia harufu ya mayai viza. Mke wangu amenivuta pembeni. Anataka kujua nimemwambia nini mama yake.

Alhamisi, 6 Machi

Mawingu mazito. Kidevu ametangaza kwamba tulime kesho, mvua isije ikatuwahi. Akaniuliza mbele ya watu betri iko wapi. Nikasema iko mahali salama. Akauliza ni wapi hapo. Nikasema salama.

Mama mkwe alipokwenda kuoga, nikaingia. Uvungu ni mwembamba. Mimi si mwembamba. Ndiyo kwanza nimeishika, mlango ukafunguka. Amesahau sabuni! Mara simu yake ikalia, akaketi kitandani, chaga zikanigusa mgongo. Aliyepiga alikuwa dada yake. Nikasikia kwa masikio yangu:

"Mkwe wangu ana mambo ya ajabu, lakini adabu anayo. Hata mlangoni pangu hasogei."

Machozi yalinilenga. Kumbe betri nilikuwa nimeilaza ubavu, jambo ambalo kijitabu kinalikataza kwa herufi kubwa, na tindikali ikaanza kunichuruzikia tumboni. Kwanza vuguvugu. Kisha moto. Nikavumilia. Kisha sikuvumilia.

"Mama," nikasema kwa heshima zote, "samahani, naomba kupita."

Ijumaa, 7 Machi

Mayowe ya mama mkwe jana yalisikika hadi sokoni. Kidevu alikuwa wa kwanza kufika, jembe mkononi. Mke wangu, Mungu ambariki, hakuuliza kitu. Alinivua shati akanisimamisha chini ya bomba mpaka meno yakagongana. Daktari amesema maji yale ndiyo yaliyoniokoa. Limebaki baka jekundu tu. Shati limekuwa chujio. Mke wangu alipohakikisha sitakufa, ndipo akauliza. Aliuliza sana.

Asubuhi hii Kidevu alivaa glavu, akaifuta betri kwa magadi na maji, akaifunga: chanya kwanza, hasi mwisho. Mashine ikanguruma mara moja! Nilitazama dirishani. Wamelima bustani yote, kisha wakapiga kura palepale. Matokeo siandiki.

Mama mkwe hanisemeshi. Kabla ya kuketi popote huinama kwanza na kuchungulia chini. Hata chini ya kigoda.

Jumamosi, 8 Machi

Mimi ni mtu mpya. Nimekwenda kumwomba Kidevu radhi, akanionea huruma. Kikundi kimepata pampu ya maji, na wamekubali niitunze mimi, kwa sababu haina betri.

Nimeichunguza. Kweli haina. Lakini ina plagi! Kitu cha kutoa cheche, ukubwa wa kidole gumba, na bila hicho pampu haiwaki. Nimeifungua taratibu, injini ikiwa imepoa, maana mimi si mjinga. Nimeificha mahali ambapo hakuna mwanadamu atakayethubutu kupekua: chini kabisa ya mkoba wa mama mkwe, aliouacha sebuleni. Haya, waje sasa kumwagilia.

Nje kuna honi. Mke wangu anasema ni teksi. Mama yake anarudi kwake sasa hivi. Na kwamba nisijisumbue kumbebea mkoba, tayari ameupakata garini.