Foto ya Jubile ya Papa na Mama

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa munane

Nimeteuliwa! Kusema kweli nimejiteua, lakini matokeo ni yale yale.

Jumapili ya tarehe 18, Papa Munyakazi na Mama Mukankusi, wazazi wetu, wanatimiza miaka makumi tano ya ndoa. Padri amekubali kuwasomea misa ya jubile. Mdogo wangu Christian, anayeishi Goma, ameahidi kutengenezesha foto moja kubwa ya wazee, yenye fremu ya mbao na kioo. Itafunuliwa mbele ya watu wote, kisha itundikwe salon, sebuleni kwao. Kazi yetu sisi wa Masisi ni kumtumia hiyo foto. Nilijibu kabla mwingine hajafungua mdomo: mimi, Symphorien, mzaliwa wa kwanza, mwenye telefone yenye macho matatu mgongoni. Walitaka nani tena?

Jambo si dogo. Wazee hawana hata foto moja wakiwa pamoja. Ile ya harusi ilibaki nyumbani siku tulipokimbia vita, na tuliporudi hata nyumba yenyewe haikuwepo, sembuse foto. Tangu hapo mmoja akipigwa foto, mwingine yuko shambani.

Mke wangu Uwimbabazi ameuliza kama safari hii nitakumbuka kutoa kidole mbele ya kamera. Wivu tu. Katika foto za ubatizo wa binti yetu Umuhoza kile kidole kilitoka vizuri sana.

Jumanne, tarehe 6

Nimeanza na mila. Mama akisukasuka maziwa ndani ya kibuyu, kama zamani!

Mama amesema hajasukasuka maziwa tangu ng'ombe walipoibwa. Nimemjibu kwamba mila haiwezi kusimama kwa sababu ya ng'ombe. Nimemwaga mbegu za maharagwe zilizokuwa ndani ya kibuyu, nikatia maji na unga wa muhogo. Weupe wa ajabu! Hata ndama angedanganyika.

Nimemkalisha kwenye mkeka na kumwambia akae kawaida: asiangalie kamera, ainue kidevu, acheke kidogo, awaze ujana wake. Ameuliza afanye yote kwa mara moja ao kwa zamu.

Foto imetoka nzuri mno, isipokuwa kichwa hakimo.

Nilipokuwa nampanga upya, Papa alitoka shambani na kiu yake. Akaona kibuyu. Akakiinua kwa mikono miwili na kunywa kama mtu aliyesamehewa dhambi. Kisha akatema, akajipangusa midomo na kumgeukia Mama: "Mukankusi, leo umepanga kuniua mbele ya jubile?"

Mama akaniangalia mimi. Mimi nilikuwa napima mwanga.

Alhamisi, tarehe 8

Leo: babu akiwasimulia wajukuu hadithi kando ya moto. Nani asiyelia mbele ya foto kama hiyo?

Papa amegoma. Hadithi hazisimuliwi mchana, wazee walikataza, na yeye hataanza uasi katika umri huu. Nimemwambia basi achezeshe midomo tu, sauti si lazima, telefone haisikii. Amechezesha midomo. Watoto wameangua kicheko. Kwenye foto anafanana na mbuzi anayecheua.

Nikaona moshi utaficha kasoro. Nimetupa majani mabichi ya mikaratusi motoni. Moshi ukaja, na zaidi ya ule nilioualika. Babu machozi, wajukuu machozi, mimi mwenyewe nimepiga foto nikiwa nimefumba macho.

Nimepanda juu ya kilima kutafuta rezo ya simu, nikamtumia Christian ile bora kuliko zote. Amepiga simu papo hapo, sauti inatetemeka: "Kaka, nani alikufa?"

Jumamosi, tarehe 10

Balaa limeingia kwa pikipiki.

Shemeji Jean-Claude, mume wa dada yetu Nicole, amefika kutoka Walikale. Matope mpaka masikioni. Nyuma ya pikipiki: Nicole, nyama ya porini iliyokaushwa, na mfuko mweusi. Ndani ya mfuko, kamera! Kamera ya kweli, yenye pua ndefu na kisimamio chake cha miguu mitatu. Anasema aliwahi kupiga foto wakubwa fulani kule kwenye machimbo ya Bisie, na wakubwa walifurahi. Hao wakubwa sisi tutawauliza wapi?

Mama amemkumbatia na kumwambia karibu, mwanangu. Mimi niko hapa tangu Jumatatu na programu kamili, hakuna aliyenikaribisha.

Jumapili, tarehe 11

Baada ya misa Jean-Claude amejaribu bahati yake. Kwao msituni, anasema, mzee wa heshima hupigwa foto akishika mkuki. Ameazima mkuki, Mungu ajue kwa nani. Papa amemweleza kwamba maisha yake yote amewinda panya tu, tena wale wa ndani ya maharagwe. Akashikishwa hivyo hivyo. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyeokota kitu cha wenyewe na sasa anatafuta pa kukirudisha.

Nimecheka mpaka kwikwi.

Kisha nikaona foto yenyewe kwenye kamera. Kwikwi ikakatika. Ni safi! Unaona kila mvi ya nyusi. Lazima kitu kifanyike.

Jumatatu, tarehe 12

Kimefanyika. Nimejitolea kama mkristo kupeleka batri za Jean-Claude kwa yule kijana wa senta anayechaji kwa jua. Nimepeleka na telefone yangu. Nikamnong'oneza kijana kwamba kitu cha shemeji hakina haraka, kiweke mwisho kabisa, na jua likizama asihangaike nacho.

Jioni nimekuta batri za shemeji zimejaa pomoni. Telefone yangu imekufa kabisa. Kijana amesema alidhani shemeji ni mimi, kwa kuwa ndiye niliyesimama mbele yake.

Jean-Claude amenishukuru mara nyingi na kunichajia telefone kwa pikipiki yake. Amesema ndugu kama mimi ni wachache. Nimesema ni kweli.

Jumanne, tarehe 13

Wazo jipya: foto bora ni ya mtu asiyejua anapigwa foto. Kwa hiyo alfajiri nimejificha ndani ya migomba, tumbo chini, nikingoja wazee watoke nje wafanye maisha yao ya kila siku.

Aliyetoka kwanza ni Mama Epiphanie, jirani. Akaona mwanaume amelala ndani ya migomba ya watu, ana kitu kinachong'aa mkononi. Huku Masisi mtu hafanyi hivyo akabaki na heshima yake. Mama Epiphanie akapiga sufuria. Sufuria ya pili ikajibu, kisha kilima kizima. Wanaume wameshuka na majembe na mapanga. Nimetoka mikono juu nikitaja jina langu, jina la Papa, jina la Mama na parokia niliyobatizwa.

Wamemleta Papa. Wamemuuliza: "Papa, huyu muntu munamujua?"

Papa amechukua muda mrefu mno kujibu.

Goti la kulia limechubuka. Foto zilizopatikana: nne, zote za sufuria.

Jumatano, tarehe 14

Christian anataka foto kesho, bila hivyo fremu itakuja tupu. Mimi na Jean-Claude tumekubaliana kuweka amani. Tumewavalisha wazee nguo za jubile. Tumewakalisha kwenye viti mbele ya nyumba, vilima vyote vya Masisi nyuma yao, kibuyu kulia, mkuki kushoto. Mimi nikasimama upande wangu, shemeji upande wake.

Papa akaniangalia mimi. Mama akamwangalia Jean-Claude. Katika foto zangu Mama ana shingo tu, katika foto za shemeji Papa ana sikio tu. Kila mmoja amemwambia mwenzake asogee. Hakuna aliyesogea. Sijui nani alianza kusukuma, lakini ile miguu mitatu ilianguka, na kamera ikachukua mteremko. Vilima vyetu havina huruma. Iliruka mara hii, ikaruka mara ile, ikaingia kijitoni.

Nimesikitika sana. Nimeshika sura ya huzuni mpaka nilipofika nyuma ya jiko.

Huko Uwimbabazi amenikuta nikicheka. Amenipokonya telefone na kunifukuza niende kumsaidia shemeji kutafuta. Tumetafuta ndani ya maji baridi. Jean-Claude hakunitukana. Aliniambia tu kwamba alitaka sana kumfanyia mama mkwe kitu kizuri, kwa sababu yeye mama yake alikufa bila foto. Nimeinua mawe. Kamera tumeipata, imejaa maji kama mtungi.

Tuliporudi, nimekuta nini? Wazee wameachwa peke yao kidogo tu! Mama amevua kiatu, funza anamuwasha. Papa amepiga magoti vumbini, NA SURUALI YA JUBILE, mguu wa Mama juu ya paja lake, anachokoa funza kwa pini. Miwani imeshuka puani. Mama anamwambia kwamba tangu siku ya harusi yeye ni kipofu, achome kule funza aliko, asichome muntu. Papa anacheka. Papa! Mabega yanatikisika kabisa.

Nimepiga kelele. Jubile ni Jumapili hii na watu wanaonyesha nyayo! Wamenyamaza kama watoto walioshikwa wakilamba sukari. Papa ameinuka, akapangusa magoti.

Uwimbabazi alikuwa amekaa kwenye benchi na telefone yangu.

Alhamisi, tarehe 15

Asomptio, sikukuu ya Bikira Maria. Baada ya misa nimechagua foto: ile ya jana ambayo Mama ana nusu ya uso. Ina siri fulani, ina sanaa. Lakini goti limevimba, kupanda kilimani kwenye rezo siwezi. Uwimbabazi amejitolea. Nimemwonyesha foto kwa kidole, nikarudia. Amesema macho anayo.

Amerudi, amesema imeenda.

Nimeandaa hotuba fupi juu ya mwanga.

Jumapili, tarehe 18

Misa nzuri. Wazee wameshikana mikono na kurudia ahadi zao, Papa kwa sauti ndogo, Mama kwa sauti ya kutosha wote wawili. Kisha nyumbani: bugali, nyama ya Walikale, pombe ya kasiksi, padri kwenye kiti cha mbele. Christian amesimamisha fremu, imefunikwa kitenge. Nimesimama karibu nayo, karatasi ya hotuba mkononi.

Kitenge kikaanguka.

FUNZA!

Papa amepiga magoti. Unyayo wa Mama mkubwa kama mkate. Pini inang'aa. Wote wawili midomo wazi, wanacheka, wamesahau kama dunia ina watu wengine. Nimetafuta shimo la kuingia, uwanja mzima hauna hata moja. Padri amerekebisha miwani yake na kusogea.

Kisha padri akaanza kucheka. Jean-Claude akafuata, kisha kila mtu, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Mama ameficha uso kwa kitenge. Alipoufunua ulikuwa umelowa. Amesema: "Hii foto njo yetu. Muiweke pale mbele ya mulango, muntu akiingia acheke kwanza."

Papa ameenda mbele ya fremu na kupangusa kioo kwa mkono wa koti lake, polepole, pale penye uso wa Mama. Kioo kilikuwa safi tangu Goma.

Padri ameuliza nani amepiga foto hii.

Nilikuwa nimeshasimama. Uwimbabazi ameniangalia. Nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu, makofi yakaja. Telefone ni ya nani? Basi.

Jumatatu, tarehe 19

Sasa nimeelewa sanaa yote. Si mwanga. Si mila. Ni miguu! Watu wanapenda miguu, ni mimi peke yangu niliyegundua.

Nimekwenda asubuhi kwa Tuyishime wa kilima cha ng'ambo, anayeoa mwezi ujao. Nimempa programu: bwana harusi, mlangoni mwa kanisa, mbele ya watu wote, anapiga magoti na kumtoa bibi harusi funza. Itashinda keki! Ameuliza itakuwaje kama mchumba wake hana funza. Nimemwambia aniachie mimi mambo ya kiufundi.

Uwimbabazi amesema kwamba ile foto ilitoka vizuri kwa sababu moja tu, mimi sikuwepo. Wasanii huonewa nyumbani kwao.

Tangu saa sita nimesimama peku ndani ya zizi bovu la nguruwe la Mama Epiphanie, nakusanya akiba kwa ajili ya wateja. Ameshika sufuria, lakini bado hajapiga.

Kidole gumba cha mguu wa kushoto kimeanza kuwasha. Mungu ni mwema!