Nusu ya Mtandio

Jumatatu, 7 Oktoba

Kitindamimba wangu ameanza masomo ya uhandisi leo, huko ng'ambo. Ameniomba nimpigie simu mara moja tu kwa siku. Mengine niandike kwenye daftari. Mara moja! Mtoto niliyembeba tumboni, kisha mgongoni! Nikasema sawa, baba. Hajui kitu. Kabla hajasafiri nilikata mtandio wangu wa zamani vipande viwili. Kimoja nikakishonea ndani ya mto wake. Cha pili nimejifunikia macho leo, nikajilaza baada ya chakula cha mchana.

Ndoto ya ajabu! Korido ndefu, milango ya kijivu, sakafu baridi. Hakuna mtu. Nikaingia mlango wa mwisho. Kitanda hakijatandikwa. Soksi tatu zimeanikwa juu ya lile dude la kupashia chumba joto. Tatu! Ya nne iko wapi?

Jumanne, 8 Oktoba

Nimempigia, nikamuuliza soksi ya nne iko wapi. Akauliza, "Mama, nani kakwambia?" Nikasema mama hujua. Nimefurahi hadi nikaunguza mboga.

Jirani yangu, Mama Daktari (mwanawe anasomea udaktari, basi hatupumui), kaja kutamba kwamba mwanawe humtumia picha kila siku. Nikamwambia wengine hatuhitaji picha. Akacheka. Acheke.

Mchana nimelala tena. Nimetandika kitanda, nimefagia. Soksi ilikuwa nyuma ya kabati.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kitindamimba anasema kila akitoka darasani anakuta chumba kimefagiwa, na mlango umefungwa kwa ufunguo vilevile alivyouacha. Kamuuliza mlinzi wa bweni. Mlinzi hajaona mtu akipita, ila mchana husikia mwanamke akiguna koridoni, kama anayeinama huku kiuno kinamuuma.

Kiuno changu hicho!

Nilipoamka leo nyayo zilikuwa baridi kama za maiti. Mume wangu kazigusa, akaruka. Kaniambia niache mambo hayo. Nikamuuliza mambo gani. Akasema hajui, ila niyaache.

Ijumaa, 11 Oktoba

Aibu tupu! Mezani kwake nimekuta karatasi kubwa, daraja limechorwa vizuri, lakini limezungukwa na michirizi ya penseli, mishale, vinamba, kama kuku kaparura. Mtu atampelekea mwalimu uchafu huo? Nikachukua kifutio. Nimefuta mpaka daraja likabaki peke yake, safi, linapendeza.

Nilipogeuka nikajitazama kwenye kioo cha ukutani. Hapakuwa na mtu. Nikajipa moyo: kioo cha ugenini, huenda hakijanizoea.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kapiga mwenyewe. Analia. Ile michirizi ndiyo vipimo! Bila vipimo, anasema, lile si daraja, ni pambo la ukutani. Mwalimu anautaka mchoro Jumatatu asubuhi. Akiukosa, anafukuzwa kwenye somo, na wafadhili hawamsomeshi aliyefukuzwa. Atarudi nyumbani.

Mungu anisamehe. Moyo ulicheza ngoma kidogo niliposikia "nyumbani".

Kisha akasema, "Mama, naogopa kulala humu." Ngoma ikazima.

Nikamweleza yote. Mtandio, mto, usingizi wa mchana. Nilitegemea ukali. Hakunikaripia. Aliongea kwa ile sauti ya utotoni, alipokuwa akiogopa giza na kuniita nije. Safari hii ananiomba nisije.

Nikamwambia apasue mto, kitambaa akitupe. Changu nimekitia jikoni kwenye moto. Kimetoa harufu ya nywele zinazoungua. Nimejishika kichwa kwa haraka. Zipo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Kachora upya bila kulala, mwalimu kaupokea mchoro! Nimepiga vigelegele mpaka Mama Daktari akachungulia. Nikamwambia mwanangu kajenga daraja. Wiki moja tu! Kaondoka zake.

Mume wangu kanitaka kiapo. Nimeapa: sishiki tena mtandio, siendi tena kule. Mchana sijalala. Nimekaa mlangoni, mikono haina kazi. Nyumba nzima nimeifagia mara mbili, na bado naona vumbi la chumba kingine.

Jumatano, 16 Oktoba

Kitindamimba kataja kwenye simu kwamba baridi imeanza. Kataja tu, hajaomba. Lakini mama husikia lisilosemwa! Bahati nzuri wifi yangu anasafiri leo kwenda hukohuko. Nimempa sweta ampelekee.

Kiapo ni kiapo. Mtandio umeshaungua. Ila gauni langu la kulalia halikutajwa. Nimekata upindo, nikaushona ndani ya kola ya sweta, mshono ambao hata fundi hauoni. Karatasi sitagusa. Penseli sitagusa. Nitafua soksi tu, basi.

Wifi kaondoka asubuhi, sweta sandukuni mwake. Mchana nikavaa gauni, nikajilaza kidogo, kujaribu. Korido sikuiona. Nilikuwa gizani, nimekunjwa vizuri, viatu vya wifi viko juu yangu. Kwa mbali mtu anavuta zipu.

Nimeamka na alama ya soli shavuni. Mume wangu anauliza ni nini. Nimemwambia mto mbaya.

Si neno. Safari ni taabu, lakini kesho nitakuwa nimefika.