Mama Mkwe, Nyumba Mbili na Mbwa wa Ijumaa

Jumanne, 4 Machi

Nafasi mbili zimepatikana, kwa mujibu wa mke wangu Anastasia, aliyepigiwa simu leo na ofisi inayowapangia wazee makao. Zote ziko katika mji mmoja mdogo, saa moja na ushei kwa gari kutoka hapa Brampton. Toronto yenyewe foleni ni ya miaka. Jibu litolewe kabla ya Jumatatu jioni. La sivyo, jina la mama mkwe linarudi mkiani.

Usuli. Mama mkwe ana miaka themanini na mmoja, mzaliwa wa Iringa. Alianguka kwenye ngazi zetu mwezi wa Novemba, na tangu hapo hasimami peke yake. Anastasia ni muuguzi wa zamu za usiku; mchana hulala kama gogo. Mimi nimestaafu, nipo nyumbani, lakini mimi ni Mgusii. Hatumwogeshi mama mkwe. Hata meza moja hatuli naye. Nikiingia sebuleni hujifunika kanga na kutazama ukuta, nami hutazama ukuta wa pili. Akiwa na neno kwangu humwambia Anastasia. Tunaheshimiana mno.

Shemeji yangu Shadrack tayari amepita kule na kutoa uamuzi: tuchukue ile ya matofali, kuna Mngoni anafanya kazi pale, mama atafurahi. Sikuona uhusiano. Shadrack anauza nyumba, basi anadhani anazijua nyumba zote, hata za wazee.

Nimetangaza kwamba nitachunguza mwenyewe. Nilikuwa ripota Nakuru maisha yangu yote ya kazi. Sihadaiki kwa kapeti. Anastasia ameniomba niende, niangalie, nirudi. Basi. Nikamkubalia kwa sauti kubwa.

Jumatano, 5 Machi

Nyumba ya kwanza. Nimeipa jina Nyumba ya Samaki, kwa ajili ya tangi kubwa la samaki mlangoni. Harufu: sabuni ya limau. Wahudumu: wapole kupita kiasi.

Mgeni huonyeshwa anachotakiwa kuona. Hilo kila ripota analijua. Kwa hiyo niliachana na msafara wa wageni, nikajitia chooni, nikatoka na kuketi kwenye kiti cha magurudumu kilichokuwa kitupu ukumbini. Lengo: kupima mzee aliyesahaulika anasubiri muda gani.

Hakusubiri. Binti mmoja alinifunika blanketi, akanisukuma hadi chumba cha michezo. Nikapewa juisi na biskuti laini. Nikashinda mchezo wa namba. Zawadi ilikuwa soksi.

Tatizo lilianza nilipotaka kuondoka. Mlango unafunguliwa kwa namba ya siri. Nilimweleza binti kwamba mimi si mkazi, ni mwandishi wa habari niliye katika uchunguzi. Akanishika mkono kwa huruma, akasema hayo ni mazuri sana, na kwamba yule babu wa dirishani ni rubani. Rubani akanipungia.

Nimetolewa na meneja baada ya chakula cha jioni. Kuku, viazi, karoti zilizopondwa. Chumvi kidogo mno. Vinginevyo sina lawama. Soksi ni za sufu halisi.

Ijumaa, 7 Machi

Nyumba ya pili, ya matofali. Kapeti imechakaa. Hakuna samaki. Leo nilimpeleka mama mkwe mwenyewe, kwa kuwa Anastasia alikuwa amelala kabla ya zamu. Alikaa kiti cha nyuma. Njia nzima tulitazama theluji. Mahali fulani alimpigia simu Anastasia, akamwamsha, amwambie mkwe apunguze joto la gari. Anastasia akanipigia. Nikapunguza. Sauti ya Anastasia haikuwa nzuri.

Sasa tukio lenyewe. Naliandika kama lilivyotokea.

Kila Ijumaa huletwa pale mbwa mkubwa mweupe wa kuwaliwaza wazee. Anazunguka, anawekewa mikono kichwani, hana neno na mtu. Tulikuwa tumeketi ukumbini alipoingia mhudumu mmoja mwanamume, Methodius, Mtanzania wa Songea. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, vizuri tu, akamuuliza kwao wapi. Mama mkwe akajibu Iringa. Yule bwana akabadilika. Nanukuu: "Jamani, mfungeni mbwa. Mhehe ameingia."

Hakuishia hapo. Akamwita mateka wa babu yake. Akamuuliza alipata ruhusa ya nani kutoroka hadi Kanada. Akaahidi kumpa chumba cha mwisho, mbali na jikoni, asije akawaletea wapishi kitoweo chenye mkia.

Mama mkwe alijifunika kanga uso mzima. Mabega yakatetemeka. Machozi yakamtoka. Kisha, kwa sauti dhaifu, alisema mbwa atasubiri, angeanza na Mngoni, ila Mngoni ni mifupa mitupu, hata supu haitoki. Ni wazi alikuwa amechanganyikiwa kwa mshtuko.

Mimi sikupandisha sauti. Mwandishi haingilii tukio, analirekodi.

Wakati wa kurudi hakupiga simu hata mara moja. Jioni alimaliza ugali wote akaomba mboga tena. Nimewahi kusoma kwamba watu waliojeruhiwa rohoni hula ovyo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwandikia malalamiko meneja wa Nyumba ya Matofali, mwanamke aitwaye Melissa. Kichwa: Matusi ya Kikabila na Tuhuma ya Kula Mbwa. Nukuu kamili, muktadha, shahidi mmoja. Sikumwamsha Anastasia. Habari haipelekwi mezani ikiwa mbichi.

Melissa amejibu kabla ya saa sita mchana. Amesikitishwa sana. Methodius ameambiwa abaki nyumbani hadi Jumatatu, uchunguzi ufanyike. Miaka yote gazetini, hakuna ofisi iliyowahi kunijibu siku ileile. Nilijisikia kijana. Nikavaa soksi.

Jumapili, 9 Machi

Saa zimesogezwa mbele usiku. Nimechelewa kanisani, na inaonekana nimechelewa pia kuelewa mambo mengine.

Niliisoma ripoti yangu baada ya chakula cha mchana, nimesimama. Nikapendekeza Nyumba ya Samaki. Shadrack aliweka paja la kuku chini. Akauliza, taratibu, nani kasimamishwa kazi. Nikamtajia. Akatoka nje kwenye theluji bila koti, tukamsikia akicheka hadi kwa jirani.

Anastasia hakucheka. Aliniuliza kama katika uchunguzi wangu wote nilimuuliza mtu yeyote swali lolote.

Ndipo mama mkwe alipoishusha kanga. Akanitazama usoni na kusema nami moja kwa moja, jambo ambalo halijawahi kutokea. "Mkwe, umemfukuzisha kazi mtani wangu."

Akaomba apelekwe chumbani, mlango ufungwe. Alisema kupitia mlangoni kwamba hataki Samaki wala Matofali, arudishwe Iringa. Daktari alishasema safari ile haiwezi. Chakula cha jioni amekirudisha kilivyo.

Maelezo, kwa mujibu wa Anastasia: Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali zama za mababu. Wajukuu wakamalizia kwa midomo. Mtani wako anakusema atakavyo na huruhusiwi kukasirika. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kufanya mzaha matangani, kisha anabeba jeneza. Nikauliza kama kuna mkataba ulioandikwa. Akachukua mto wake. Amelala chumba cha wageni.

Nimemwandikia Melissa kufuta malalamiko. Amejibu kwamba malalamiko kama hayo hayafutiki.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya mwisho ya kujibu. Tulikwenda sote, Shadrack akiendesha. Mama mkwe alikubali kuja kwa sharti moja, lililonifikia kupitia Anastasia: mkwe asifungue mdomo.

Methodius alikuwa ofisini kwa Melissa, amevaa tai, amekaa kama mtu anayesubiri hukumu. Mama mkwe aliposukumwa ndani alimkagua toka juu hadi chini. Akauliza ni nani aliyemvisha mtumwa tai. Anastasia akatafsiri neno kwa neno. Kazini amezoea kutopunguza dozi. Melissa akaacha kuandika. Akamuuliza Methodius kama naye angependa kulalamika.

Methodius alisema, kwa sauti isiyo imara, kwamba tangu afike nchi hii hajatukanwa vizuri namna hiyo.

Kisha mama mkwe alizungumza, na sikuhitaji tafsiri. Alisema tangu aanguke, kila mtu anampa pole. Wauguzi pole, wachungaji pole. Binti yake mwenyewe anamsemesha kwa sauti ya chini kama yuko kwenye jeneza. Huyu Mngoni ndiye peke yake aliyemwangalia akamwona Mhehe. "Nikifia kwenye samaki, nani atanitania? Watanyamaza tu, waniletee maua."

Anastasia alichelewa kutafsiri hilo. Methodius akajifuta macho, akaeleza kwamba ni harufu ya Mhehe inayomwasha.

Melissa hakuelewa yote. Lakini ni mtu wa kazi: aliuliza kama jambo hili liingizwe kwenye mpango wa huduma. Shadrack akapendekeza iwe baada ya kifungua kinywa. Limeandikwa: mkazi atukanwe kila asubuhi, na wahusika wawili tu. Jibu la kukubali nafasi limetumwa kabla ya jioni. Methodius anarudi zamu kesho.

Nilimwomba radhi, kwa ishara. Sikufungua mdomo.

Jumapili, 16 Machi

Mama mkwe amehamia. Kwa taarifa ya Melissa, anakula vizuri na ameanza kusimama kwa kushika meza, ili amfikie Methodius. Ijumaa mbwa alilala miguuni pake. Methodius anaendelea kuonya kwamba Mhehe anamnenepesha.

Tathmini yangu: bila uchunguzi wangu, lolote katika haya lisingeandikwa rasmi. Shadrack anaendelea kujisifu. Namwacha.

Hata hivyo nimegundua pengo katika huduma. Jumamosi na Jumapili Methodius hayuko zamu. Siku mbili nzima mzee hatukanwi na mtu. Nimelitafakari. Mimi si Mngoni, ni kweli, lakini kanuni nimeielewa, na ni rahisi. Pia sasa tumeshazungumza ana kwa ana, mimi na mama mkwe, kwa hiyo barafu imeyeyuka.

Nimeandaa maneno. Naanza na mbwa, kwa kuwa amethibitika. Kisha meno yake ya bandia. Halafu unene, kwa kirefu. Anastasia aliniuliza naandika nini. Nikasema risala ya sherehe. Akafurahi, akanibusu.

Sherehe ya kuzaliwa kwa mama mkwe ni Jumamosi, 22 Machi, saa nane mchana, ukumbi wa Nyumba ya Matofali. Mchungaji atakuwepo, na wazee wa kanisa. Nimeomba nizungumze wa kwanza.